Shusha Magitaa, Fundi

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa nisiguse kitu. Kanisa letu pale Same mjini lilikuwa limepata mitambo mipya: amplifaya, maiki mbili na spika ndefu zilizosimama pande zote za madhabahu. Nilikaa nyuma ya mikisa, lile sanduku la vitufe linalokusanya sauti zote na kuzipima kabla hazijafika kwenye spika, na mikono ikaniwasha. Kwaya ilipoanza nikapandisha kinanda. Baada ya ibada Mchungaji Kiongozi akaniita.

"Fundi, watu wametoka milimani kuja kusikia nini?"

"Neno, Mchungaji."

"Basi shusha kinanda."

Nikashusha, na nimeendelea kushusha vyombo maisha yangu yote. Nilipohamia gari la matangazo, Mkuu wa Msafara alikuwa mkali zaidi. Tulikuwa tukiteremka hadi Kihurio kutangaza mikutano na chanjo za mifugo, tukipiga muziki kwanza ili kuvuta watu. Akiinua kidole tu, muziki ushuke. "Mkulima yuko katikati ya mpunga," alikuwa akisema. "Akikosa neno moja, kazi yetu bure." Baadaye nilirekodi kwaya kwenye studio ndogo, na Meneja wa pale naye wimbo wake ulikuwa ule ule: sauti mbele, vyombo nyuma. Nilistaafu nikiwa na mkono wa kulia unaoshuka wenyewe.

Kustaafu kulinishinda. Nilifungua redio zisizo na ubovu nikazifunga, nikahamisha banda la kuku mara mbili bila sababu. Mke wangu alikuwa ametangulia mbele za haki, watoto wakubwa wako mikoani, nikabaki na kitindamimba wangu, Nakiete. Asubuhi moja akanijia akiwa mpole kuliko kawaida yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Unataka nini?"

Alitaka niwafungie mitambo yeye na wenzake. Walikuwa na bendi ya metali nzito, muziki wa magitaa makali, ngoma za mbio na mwimbaji anayenguruma kutoka tumboni. Mwimbaji huyo ni binti yangu, aliyekuwa akiimba sauti ya kwanza kwenye kwaya ya vijana.

Walifanyia mazoezi Kihurio, kwenye kinu cha kukoboa mpunga, kwa kuwa mashine ikishawaka hakuna jirani wa kulalamika. Nilipolisikia gitaa nikajua spika imepasuka. Nikaifungua. Nikabadilisha waya, nikachomea risasi upya, bado inakwaruza. Mpiga gitaa, kijana wa kutoka Kighare, kule milimani, anayeitwa Sifaeli, alicheka mpaka akakaa chini.

"Mzee wangu, usiitibu! Ndivyo inavyotakiwa."

Akanionyesha pedali, kisanduku cha kukanyaga kinachochubua sauti makusudi. Uchafu ule ule nilioufukuza kwenye nyaya miaka yote, wenzangu wameununulia chombo! Nilikasirika kweli. Lakini nilirudi kesho yake, na kesho kutwa, na kabla wiki haijaisha nilikuwa naupenda muziki ule kwa namna iliyonitia aibu. Ulikuwa na haraka kama niliyokuwa nayo mimi.

Msidhani muziki huu una neema siku hizi. Wapenzi wapo, ila wengi wamejificha kwenye makundi ya simu, wanatumiana video, hawajuani sura. Ngoma zetu zilikuwa za kuazima. Nyuzi za gitaa unaagiza Arusha unasubiri basi. Na kumbi za kupigia hakuna, kwa sababu wenye kumbi wanaona nguo nyeusi wanafikiri mambo ya giza.

Same tulipata ukumbi mmoja, kwa majaribio. Msimamizi wake, mtu wa heshima zake, alinivuta pembeni.

"Sikatai vijana. Ila wazazi wananiuliza kama hawa wanamwita shetani. Wewe ni mtu wa kanisa, fundi. Shusha magitaa, maneno yasikike, na ukumbi ni wao kila mwezi. Yasiposikika, nazima umeme na wasirudi."

Nilimweleza Nakiete. Akasema wakinyimwa ukumbi huo atahamia Dar, kuna bendi huko inatafuta mwimbaji.

"Na nikishusha?"

"Tutakuwa kwaya yenye hasira," akasema. "Lakini nitabaki. Mitambo ni yako, baba."

Jumamosi ya majaribio, mchana, walijaa wanafunzi, madereva wa bodaboda na akina mama wachache wa sokoni waliokuja kushangaa. Bendi ikaanza na wimbo wa ndiva, yale mabwawa ya wazee wetu ya kukusanyia maji ya mifereji, unaomsema mtu anayefungulia maji ilhali siku ya kuzibua mifereji hakuja. Nakiete akanguruma. Hakikusikika kitu. Msimamizi akaanza kutembea kuelekea swichi, na mkono wangu ukashuka wenyewe mpaka kwenye kitufe cha gitaa.

Kabla sijakigusa, ukumbi mzima ukaimba. Kumbe walikuwa wameukariri kwenye simu. "Umekunywa, hukuchimba! Umekunywa, hukuchimba!" Neno kwa neno, akina mama wa sokoni nao wakadakia. Msimamizi akasimama. Akaja akanipigia kelele sikioni.

"Nimesikia! Ni wimbo wa ndiva! Maneno mazuri sana!"

Nilitaka kumkumbatia.

"Sasa shusha magitaa," akasema.

"Si maneno yamesikika, Msimamizi?"

"Yamesikika. Wewe shusha."

Nilimtazama, nikamwona Mchungaji, Mkuu wa Msafara na Meneja, wote wamepanga foleni nyuma yake. Nikashika kitufe cha gitaa. Nikapandisha.

Akazima umeme.

Vijana wananiuliza kazi hii inahitaji nini. Nilikuwa nikijibu: masikio na subira. Masikio bado nasisitiza. Subira sina uhakika nayo tena. Nimelala vibaya tangu siku ile, na mara mbili nimeshika njia ya kwenda kumwomba Msimamizi radhi nikageukia njiani.

Stendi nilimbebea Nakiete begi mwenyewe. Basi la Dar lilikuwa linaunguruma.

"Ungeshusha ningebaki, baba."

"Najua."

Akanishika mkono, ule wa kulia, akaukaza mpaka kondakta akampigia kelele apande.