Vitamini Aliyogawa Mama

Miezi ile ya dawa niliishi kama niko ndani ya ukungu wa Butembo, mji wetu wa milimani, hata jua likiwaka. Midomo ilinikauka, macho yakakauka, na vile vipele vikubwa vilivyonila uso tangu ujana vikaanza kunywea polepole. Nilikaa dukani kati ya vitenge, nikijigusa shavu kila mara, siamini kama ni langu.

Daktari wa ngozi alitueleza mimi na mama: vidonge hivi vimetokana na vitamini A, lakini ni vikali, mwanamke mwenye mimba asivimeze kabisa, vinaharibu mtoto tumboni. Mama alishika neno moja tu, vitamini. Mengine yalimpita.

Na mama yangu, eh! Kitu kizuri hawezi kumwachia mtoto mmoja. Kitenge anakikata katikati, parachichi analigawa, ndivyo alivyotulea. Asubuhi moja nikakuta vidonge vimepungua.

"Nilimutumia mudogo wako kule Beni, nilipatia dereva jana," akasema, anachambua maharage. "Iko na mimba, donc anahitaji vitamini."

Nilimpigia kelele mama, Mungu anisamehe. Simu ya mdogo wangu ilikuwa imezimwa. Nikapanda pikipiki.

Barabara ile siikumbuki vizuri. Naikumbuka kama usingizi. Mikaratusi ikapita, baridi ikabaki juu, joto likatupokea, harufu ya kakao iliyoanikwa ikanijaa puani, na mimi nasema peke yangu: asiwe amemeza, asiwe amemeza. Mwenye pikipiki akafikiri naimba.

Nilimkuta nyuma ya nyumba anasonga bugali, tumbo mbele. Hata salamu sikutoa.

"Ulimeza?"

Akanishika kidevu, akanigeuzia uso kwenye mwanga kama anachagua nyanya sokoni. "Yaya! Dada yangu mukubwa, umekuwa muzuri!"

"Nakuuliza, ulimeza ile dawa ya mama?"

"Hapana. Niliichunga juu yako, nikurudishie. Nilisema, mama ameanza tena kugawa, lakini yaya ndiye anateseka na uso. Mie niko na majani yangu ya sombe, vitamini inatosha."

Nikakaa palepale karibu na mafiga, nikamkumbatia kiuno, nikalia kwa sauti, sikio langu kwenye tumbo lake. Mtoto akapiga teke.

Yeye akanifuta machozi kwa mkono wenye unga.

"Usilie, yaya. Dawa yako yote iko, hata moja haikupotea."