Acha Mama Mmoja Kila Jani

Iko siku moja naikumbuka, mwanangu, na kila nikiikumbuka huwa naficha mikono. Nilikuwa msichana kule Khwisero, nikiishi na nyanya yangu, Kukhu, fundi wa kutia nguo rangi. Nyuma ya nyumba alikuwa na ua wa dungusi kakati, na juu ya majani yale ya miiba walikaa vidudu waliojifunika unga mweupe. Ukimminya mmoja, kidole kinalowa wekundu. Tuliwakwangua kwa kijiko, tukawaanika, tukawasaga na kuwachemsha na shabu ili rangi ishike.

Kukhu aliugua, akanipa shuka nyeupe.

"Nitilie rangi. Hii ndiyo mtanizika nayo," aliniambia. "Lakini usimalize dudu. Mimi huachanga mama moja kila jani."

Lo, sikio la kufa halisikii dawa! Nilitaka wekundu ambao Khwisero nzima haijauona. Nikakwangua ua wote mpaka ukabaki kijani kitupu.

Shuka ilitoka nyekundu ya kutisha. Nikampelekea mbio, nikitaraji sifa. Kukhu aliisogeza sikioni, akaisikiliza kwa muda mrefu, kama mtu anayesikia mtoto akilia chumba cha pili.

"Wote wako humu," akasema. "Siwezi lala na hawa."

Alifariki wiki hiyo hiyo, tukamzika kando ya ua ule, na nguo yake ya kanisani. Kitu kimoja tu aliniomba, nami nikakiharibu. Mikono yangu ilikuwa bado myekundu, sabuni imeshindwa, na waombolezaji walikwepa kunishika. Wanasema majuto ni mjukuu. Mjukuu mwenyewe nilikuwa mimi.

Ua ulikaa mwaka mzima bila kidudu. Halafu asubuhi moja ya ukungu nikaona doa jeupe kwenye jani moja tu, lile lililoinamia kaburi lake. Kidudu mmoja, na hakuna aliyemleta. Niliogopa. Nikasema, "Asante, Kukhu," nikarudi kinyumenyume hadi mlangoni.

Vidudu wote unaowaona hapa kwangu ni uzao wa yule mmoja. Shuka ninayo bado. Kila nikiifua maji huwa mekundu, na yenyewe haipauki.

Basi, mwanangu, hicho kijiko ulichoshika kitumie polepole. Akiba haiozi. Kila jani liachie mama, hata pale usipoonekana na mtu. Mungu akupe mikono inayojua kuacha, na siku yako ikifika, uvikwe ile nguo uliyoiomba.