Kucha Fupi za Ruracio

Mimi sijisifu, lakini ukweli usemwe: hapa mtaani Section 58 hakuna mtengeneza kucha anayesoma mkono wa mteja kunishinda. Wengine huanza na, "Unataka rangi gani?" Mimi huuliza kwanza mikono hiyo inafanya kazi gani. Mama mwenye hoteli kule Salgaa, anayekanda chapati kutwa nzima, simwekei kucha ndefu za bandia za akriliki hata alie. Nampaka jeli ya kawaida, fupi, aende zake. Karani anayepikiwa na kufuliwa, huyo namtengenezea akriliki, ajidai atakavyo.

Basi Ijumaa moja akaingia msichana wa Subukia ambaye ruracio yake, yaani siku ya jamaa za bwana kuleta mahari, ilikuwa siku iliyofuata. Alifuatana na binamu zake watatu wa mjini na shangazi yao, mama wa kuamuru. Kwetu siku hiyo wasichana hufunikwa leso gubigubi, bwana akatafuta wake. Akikosea anatozwa mbuzi, na kuchekwa kwake hakusahauliki. Shangazi alikuwa ameamua kwamba safari hii mikono tu ndiyo itatokeza nje.

"Wote akriliki, ndefu, nyekundu," akaniambia. "Zifanane kabisa. Tuone kama huyo kijana ana macho."

Nikashika mkono wa bibi harusi. Kucha zake zilikuwa nyembamba, zinapinda ukizigusa. Nikamuuliza kazi yake.

"Nakamua, asubuhi na jioni. Hata kesho nitakamua. Ng'ombe wetu hajui mambo ya ruracio."

Nikasema hapana. Akriliki ni ngumu na ukucha wake ni laini. Ikikwama zizini ingemng'olea ukucha wenyewe, na ng'ombe naye akichomwa apige teke, na ni haki yake. Nikawaeleza nitampaka gum gel, ambayo hushika ukucha wa mtu mwenyewe na kuutia nguvu. Tena fupi.

Shangazi akawaka. "Fupi peke yake? Si atamjua mara moja!"

"Basi wote wafupishe."

Ai! Mabinamu walipiga kelele utadhani nimewanyoa nywele. Shangazi akatisha kuwapeleka kwa jirani yangu. Nikamfungulia mlango.

"Sawa, mathe, nenda nao. Lakini huyu simwekei akriliki."

Hakuna aliyetoka; mabinamu wakakubali fupi kwa kununa. Nilipokuwa nikimpiga tupa, bibi harusi akaninong'oneza, "Na asiponijua? Amekaa mbali kikazi mwaka mzima. Achague binamu yangu mbele ya watu wake wote? Nitaweka wapi uso?" Machozi yalikuwa yamemlengalenga. Roho iliniuma, maana kazi niliyolipwa ni kuifananisha mikono ile, na mimi nikifanya kazi, naifanya.

Alinialika, nikaenda. Kijana alipita mbele ya zile leso nne jasho likimtoka. Kucha zote fupi, zote nyekundu, zinang'aa kweli. Akapita tena. Wajomba wa msichana wakaanza kumchagulia mbuzi wa faini kwa vicheko, na shangazi akaniangalia kwa raha.

Kisha akaacha kutazama kucha. Akashika mkono wa kwanza, akaugeuza, akapitisha kidole gumba kiganjani. Laini. Akauachilia. Wa pili vilevile. Alipofika wa tatu akasimama. Pale chini ya vidole, ngozi ilikuwa ngumu kwa miaka ya kukamua.

Mkono wa nne hakuugusa.

"Huyu ndiye wangu," akasema. Leso ikafunuliwa, bibi harusi analia na kucheka pamoja, na yule kijana bado ameng'ang'ania kile kiganja. Nikapiga vigelegele kuwashinda mama za bibi harusi.