Ngozi ya Kupeleka Murungu

Mwalimu wetu wa baiolojia ni mtu wa Tanga anayevaa sweta mwaka mzima kwa sababu ya baridi ya Kasulu. Muhula uliopita alitupanga foleni kwenye hadubini, maana shule nzima ina hadubini moja, na chini yake aliweka tone la mtindi. Zamu yangu ilipofika niliona vijiti vidogo, vingine vimeshikana kama shanga. Akasema hao ni bakteria, ndio wanaogandisha maziwa, na tumbo la ng'ombe limejaa bakteria wengine wa kumsaidia. Bila hao, ng'ombe angekula majani akafa njaa huku ameshiba. Kisha akatuonyesha kitabuni picha ya bakteria wa kimeta. Nao walikuwa vijiti. Mimi sikuona tofauti. Nilitaka kuuliza mtu atawajuaje wema na wabaya ikiwa sura ni moja, lakini mimi huwa siulizi darasani. Mwalimu akaendelea: ng'ombe wa kimeta hufa ghafla, damu humtoka puani na haigandi, na asipasuliwe kamwe, kwa sababu wale wadudu wakipata hewa hujifungia ndani ya ganda na kukaa kwenye udongo miaka mingi sana.

Likizo nilirudi nyumbani, Kitahana. Tulikuwa na ng'ombe mmoja na ndama wake jike, ila hawakuwa wetu. Baba aligabiwa, yaani alipewa kutunza, na mzee mmoja wa Murungu, na kwetu Waha ng'ombe wa kugabiwa ana taratibu zake. Unamtunza, unakunywa maziwa, mbolea unaweka kwenye migomba, na akizaa, mwenyewe ndiye anayesema ndama ni wa nani. Akifa unapeleka ngozi. Ngozi ndiyo inayokusemea kwamba hukumuuza wala hukumchinja kichakani. Asiyepeleka ngozi ni mwizi, na hakuna atakayemgabia tena, yeye wala wanawe.

Asubuhi moja mvua ilikuwa imekatika, nikatoka kwenda kukamua. Nilimkuta ng'ombe amelala, tumbo limevimba, miguu imenyooka. Damu ilikuwa inamtoka puani, nyeusi na nyepesi kama maji ya mkaa. Niliiangalia nikisubiri igande. Haikuganda.

Msichana wa kwetu hamfundishi baba yake. Nilimwambia mama, mama akamwambia baba, nami nimesimama palepale. Nilisema ni kimeta, asimguse, tumfukie hivyohivyo alivyo. Baba alikuwa ameshaanza kunoa kisu. Mkono wake wa kulia ulikuwa na mchubuko mbichi wa miiba ya zizi, na mimi macho yangu yalikuwa hapo tu. Hakunitazama. Alimjibu mama.

"Mwambie binti yako, kule Murungu nitapeleka nini? Maneno?"

Mama alimsihi amngoje walau bwana mifugo aje aone kwa macho yake na aseme mwenyewe kwa mzee wa Murungu. Baba akakubali kungoja, lakini si sana, mzoga haungoji. Nikaenda Kibondo, nusu mbio nusu mwendo. Ofisini niliambiwa bwana mifugo amekwenda Kasulu kuchukua chanjo ya kimeta, kwa sababu ng'ombe wengine wamekufa vijiji vya jirani. Basi, ugonjwa ulikuwa unajulikana.

Niliporudi nilikutana njiani na wanawake wamebeba nyama kwenye majani ya migomba. Ndivyo tufanyavyo: ng'ombe wa mtu akifa, majirani huchukua nyama, na kila aliyechukua huja kumlimia siku moja, ili hasara ile isimwangukie mmoja. Baba alikuwa ameketi kwenye kinu, mikono imelowa damu mpaka viwikoni, ngozi imetandazwa uani na mama anaimwagia majivu.

Mimi ambaye hata kusalimia wageni ni kazi, siku ile nilipita nyumba kwa nyumba. Niliwaambia wasile, na kama lazima wale basi wachemshe mpaka nyama iachane na mfupa. Walinicheka bila ubaya. Jirani yetu mmoja, mwanamke mnene mwenye maneno, alikuwa amekwisha kuweka chungu.

"Ewe msomi, hao wadudu wako wana mafuta?"

"Wanaua, mama."

"Basi watakufa wao kwanza. Kuni ninazo."

Na kweli nyama ile haikumdhuru mtu yeyote. Walichemsha kutwa nzima, wakala, wakaamka wazima. Kesho yake nikipita wananiuliza kama shule wanafundisha na uchawi. Baba alikuwa ameondoka alfajiri kwenda Murungu, ngozi mbichi ameiviringisha begani.

Alirudi amefurahi. Mzee aliipokea ngozi mbele ya watu, akampa pombe, akamwambia ndama abaki kwetu. Baba alisimulia mara kadhaa jinsi mzee alivyoikunjua na kuipiga kofi kama mtu anayempiga rafiki mgongoni. Wakati anasimulia alikuwa anajikuna mkono wa kulia. Palikuwa na kipele kidogo chenye maji, kama umeumwa na mdudu. Baadaye kipele kikapasuka, katikati pakawa peusi, peusi kama kipande cha mkaa, na pembeni pakavimba.

Nilimwambia mama hicho ndicho kimeta. Mama akasema na baba. Baba akakibonyeza kwa kidole mbele yetu.

"Hakiumi," alisema. "Ugonjwa gani huo usiouma?"

Hapo ndipo lilipokuwa tatizo lote. Kingeuma angekwenda hospitali. Mama alimpaka siagi, akafunga kitambaa, na kazi ya kulima ikaendelea.

Shule ilipofunguliwa baba alisema atanisindikiza mpaka Kasulu. Nilijua hapendi safari. Nadhani alitaka kupatana nami baada ya yale ya kisu, ila kwetu hatusemi hivyo. Lori lilituchelewesha kwenye matope. Alibeba sanduku langu kwa mkono wa kushoto, na tuliposhuka Kasulu niliona shingo yake imejaa upande mmoja, na anatetemeka ingawa jua lilikuwa kali. Tuliingia kwenye duka la Mwarabu mmoja anayeuza na chai. Baba alijaribu kushika kikombe kikamwagika. Mwenye duka akaja na kitambaa kufuta meza, akautazama ule mkono, akaacha kufuta.

"Bwana wee, mkono huo si wa kunywea chai."

Alitutia kwenye gari lake dogo la mizigo, akatupeleka Kabanga hospitali yeye mwenyewe. Njia nzima baba alikuwa anamwomba radhi kwa kumpotezea wakati.

Daktari alifungua kitambaa na swali lake la kwanza likawa: je, umegusa mnyama aliyekufa? Baba akajibu hapana, ni mwiba. Nilielewa. Akisema ndiyo, serikali itakwenda Murungu kuchukua ngozi, na ngozi ikichukuliwa nani atajua kwamba alipeleka? Daktari akauliza tena, taratibu. Baba akasema mwiba wa zizi.

Nikasema, "Amechuna ng'ombe wa kimeta."

Sikuwa nimewahi kupinga neno la baba, na nililipinga mbele ya wageni. Baba akageuza uso ukutani. Walianza sindano za penisilini hapohapo. Muuguzi alinieleza kwamba dawa hii inawaua hao wadudu vizuri kabisa, ila ile sumu waliyokwisha kuimwaga mwilini haiwezi kuiondoa. Alisema nimpe mtindi kama naweza kupata, maana dawa inaua na wale wa tumboni wanaomfaa mtu. Nilizunguka Kabanga kutafuta mtindi. Niliupata kwa mama mmoja, kibuyu kidogo. Baba alionja, akasema una chumvi. Haukuwa na chumvi. Hilo ndilo neno la mwisho aliloniambia, na sijui kama alikuwa amenisamehe.

Mzee wa Murungu alikuja matangani. Alikaa na wanaume, halafu akamwita mama, akasema kwa sauti ili wote wasikie.

"Angekuja na maneno tu, ningempokea. Mimi namjua."

Watu wakaguna, wakasema mzee ana utu. Mimi nilikuwa nagawa maji. Nilifikiri: ni rahisi kusema hivyo ukiwa na ngozi nyumbani. Kisha nikafikiri pengine anasema kweli, na hilo lilikuwa baya zaidi. Nilipompa maji nilimwambia ngozi ile aichome moto. Alipokea maji, akasema ataichoma. Sikwenda kuona.

Bwana mifugo naye alikuja na chanjo yake. Alitueleza kuwa ndani ya chupa mna bakteria wa kimeta wenyewe, wazima, ila wamedhoofishwa hawawezi tena kuua, na kazi yao ni kumzoeza ndama. Mama alisimama kati ya sindano na ndama.

"Yaani mnamtia kilekile?"

"Kilekile, mama. Ndicho kinachomkinga."

Mama alikaa chini. Nilimshika ndama mimi mwenyewe, akachomwa. Bwana mifugo alimwaga chokaa pale baba alipochunia, akasema tuzungushie miiba, na kwamba chanjo ni ya mwaka mmoja, lazima irudiwe. Nikamuuliza udongo utakaa na wadudu hao miaka mingapi. Alifunga mkoba wake. Akasema yeye anahamishwa mwezi ujao.

Miiba tulizungushia, mvua ikailaza. Chokaa imekwisha kuoshwa. Damu ilipomwagika nyasi zimeota ndefu na laini, hakuna nzuri kama zile uani kwetu, na kila asubuhi ndama anavuta kamba kuelekea huko. Mama humrudisha. Mimi naondoka Jumatatu kurudi shule.