Fyuzi ya Winchi ya Pasta Lwaboshi

Kabla ya kushika waya wowote, Cirhuza aliugusa kwanza kwa mgongo wa mkono, kama mama anayepima homa ya mtoto. Alifanya hivyo hata kwa waya usiounganishwa na kitu. Alikuwa fundi umeme wa magari, mtu wa Bukavu kama mimi. Alifanya kazi mjini, Area 47, na kulala Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi.

Masika yaliyopita mdogo wangu Odette alikaribia kujifungua, huko shambani nje ya kambi, ambako matope humeza magari. Pikapu ya kanisa ndiyo ingempeleka hospitali, na winchi yake, mashine ya kulivuta gari likikwama, ilikuwa imekata fyuzi.

"Weka bolti tu mahali pa fyuzi, fundi," Pasta Lwaboshi alisema. "Batu bote banaweka bolti."

"Pasta, unataka winchi ao jiko?"

Cirhuza alikuwa na fyuzi kubwa moja, na ndogo mbili. Nilimsihi aweke ile kubwa. Kila nilipofumba macho nilimwona Odette matopeni, gari limezimika.

"Dada, fyuzi haichungi winchi, inachunga waya. Hii waya ni nyembamba. Fyuzi kubwa itangoja mpaka waya iwake, na Odette iko ndani."

Akafunga ndogo. Akaleta na kapi: kamba ikizungushwa humo na kurudi kwenye gari, alisema, winchi huvuta polepole lakini haiumii.

Mimi, pasta na Cirhuza tulimchukua Odette mvua ikinyesha. Tulipokwama, pasta, kwa haraka, akavuta moja kwa moja bila kapi. Winchi ikaguna, ikanyamaza.

"Si nilikuambia!" nilimfokea Cirhuza.

Alishuka, akagusa waya kwa mgongo wa mkono, akauondoa mkono upesi. "Tungoje ipoe."

Kungoja kule sijakusahau. Odette alinibana mkono, akiuma kitenge. Pasta alisali bila sauti. Mwishowe Cirhuza aliweka fyuzi ya pili, akazungusha kamba kwenye kapi, na gari likatoka, taratibu mno. Mtoto alizaliwa salama.

Mwezi uliopita Cirhuza aliitwa kwenda kuishi Kanada, kwa mpango wa kuwahamisha wakimbizi. Fyuzi aliyotuachia ndiyo ile ile ya pili, akiba hatuna, na mawingu yakitanda moyo wangu hautulii. Nilimsindikiza hadi kwenye basi. Alishusha kioo.

"Pasta asiweke bolti, dada. We ndo utamuchunga."