Dawati la Safari Zilizokatizwa

Siku yangu ya kwanza katika kazi ya bima ya safari nilikalishwa kwenye kiti kilichokuwa bado na joto la mtu aliyetoka zamu, nikavishwa vipokea sauti, nikaambiwa nisiseme neno. Nisikilize tu. Ofisi ilikuwa ghorofa ya juu katikati ya Sydney, na kutoka dirishani uliona kipande chembamba cha bahari kati ya majengo mawili. Nilikuwa nimetoka Machakos na cheti cha uhasibu na koti lisilofaa kwa baridi ya huku. Msimamizi wa Zamu, mama Mwaustralia mwenye nywele alizozipaka rangi nyekundu, alinigusa bega.

"Usikimbilie mkataba," aliniambia. "Anayetupigia, likizo yake imeharibika. Mwache kwanza akueleze ilivyokuwa nzuri."

Nawaandikia ninyi vijana mnaoingia kazi hii sasa, wakati ambapo madai yanapitia kwenye programu ya simu na ni nadra mtu kusikia sauti ya mwenzake. Sisi tuliishi kwa sauti. Kutoka mapokezi ya simu nilihamishiwa ofisi ya Parramatta, magharibi mwa jiji, kuwa mtathmini, yaani yule anayesoma mkataba na kuamua kama dai litalipwa. Miaka yote hiyo nilikaa kitongoji cha Quakers Hill, nikipanda treni asubuhi na kurudi jioni, na nchi hii niliijua kwa masikio. Niliijua mvua ya kaskazini inavyopiga paa la bati, na kelele za kasuku nyuma ya mzee anayelalamikia gari lililomzimikia njiani. Mtu akinisimulia theluji ya milimani, vidole vya miguu yangu vilijikunja ndani ya viatu. Jioni nyingine nilishuka stesheni nikiwa sina hakika natoka wapi.

Kisha ikaja korona. Mipaka ikafungwa, watu wakaanza kwenda likizo humu humu nchini, nasi tukatumwa kufanyia kazi nyumbani. Meza yangu ya jikoni ikawa ofisi. Hapo ndipo tulipoanza kuona madai ya aina mpya. Mtu yuko likizoni, haumwi, hajapata ajali, ila maafisa wa afya wanampigia kwamba alikaribiana na mgonjwa, kwa hiyo ajitenge hapo hapo alipo. Ilibidi tutofautishe mambo mawili. Amri ya kuufunga mji mzima hatukuilipia, kwa kuwa ilimgusa kila mtu. Lakini amri iliyomtaja mtu kwa jina, mkataba wetu uliitambua.

Mteja aitwaye Riziki alipiga simu mchana mmoja, akaanza kwa Kiingereza cha haraka haraka. Nilipotaja jina langu akakiacha.

"Wewe Mkenya? Tuseme Kiswahili basi, dada. Kichwa kimechoka."

Alikuwa Mkongo wa Cabramatta, hapa hapa Sydney, mhudumu katika makao ya wazee. Alikuwa amempeleka mama yake pwani ya kusini, kwenye kijumba cha mbao karibu na ufuo, likizo yao ya kwanza tangu waletwe Australia kama wakimbizi. Wakiwa huko, mfanyakazi mwenzake akapatikana na korona. Maafisa wakawaamuru wote wawili wasitoke. Sasa siku zao za kijumba zilikuwa zimekwisha, na mwenye kijumba alikuwa na wageni wengine.

"Anasema kesho tutoke ao tulipe tena," Riziki alisema. "Serikali inasema tusitoke. Mimi nalipwa kwa zamu, na zamu sikufanya. Mama nitamlaza wapi, dada? Ndani ya gari?" Akashusha sauti. "Na yeye, tangu tulivyokuwa kambini, mlango ukifungwa hapumui vizuri. Naogopa atanishinda."

Dai alikuwa ameliweka chini ya kifungu cha likizo kukatizwa, kama walivyofanya karibu wote msimu ule. Nikampigia Meneja wa Madai, mwanamume wa maneno machache.

"Wamerudi nyumbani?" aliuliza.

"Hawaruhusiwi."

"Basi hakuna kilichokatizwa. Kifungu hicho ni cha aliyeacha likizo akarudi mapema. Kataa."

"Kesho watakuwa hawana pa kulala."

"Mkataba sikuuandika mimi."

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amezama katika madai kama sisi sote.

Kabla ya kukataa, utaratibu ulitaka kila mtu mzima aliyemo kwenye mkataba atoe maelezo yake mwenyewe. Nilimwomba Riziki ampe mama simu. Nilijiandaa kusikia kilio. Badala yake nilisikia pumzi ndefu, dirisha likisukumwa, halafu mawimbi. Yalijaa jikoni kwangu.

"Jambo, mama. Habari za huko?" nilimsalimu.

"Muzuri tu, mwanangu. Niko naona mayi ya bahari."

"Na kufungiwa? Hakukusumbui?"

"Huu mlango nafunga mimi mwenyewe, kwa ndani," alisema. "Ule wa kambi hatukuwa na funguo yake."

Alinieleza maji yalivyokuwa ya kijani asubuhi na meupe mchana, na ndege wakubwa waliotua kwenye ukingo wa baraza wakimtazama kama wanamjua. Alinieleza kuhusu mzee mmoja aliyepita na mbwa kila siku na kumpungia mkono, naye akampungia. Sauti yake ilikwenda na kurudi pamoja na mawimbi. Nilifumba macho. Chai yangu ilipoa. Mwishowe nikakumbuka swali nililopaswa kuuliza.

"Mama, likizo yenu ilikatizwa siku gani?"

Akacheka. "Ilikatika wapi? Tulitaka kurudi, wakasema mubakie. Imerefuka!"

Nikafumbua macho. Nikaufungua mkataba sehemu ya mbele, penye kifungu cha malazi ya ziada. Kile kilimpa pa kulala msafiri aliyecheleweshwa kurudi kwa sababu isiyo ya hiari yake. Msimu mzima tulikuwa tukisema "kukatizwa" kwa sababu wateja walisema hivyo, na mimi pia niliwafuata.

Nilimpigia tena Meneja, nikamsomea. Akaniomba nirudie polepole.

"Amri inawataja kwa majina?"

"Wote wawili."

"Basi badilisha kifungu. Mpigie mwenye vijumba kabla hajafunga ofisi yake. Na hao wengine tuliowakataa wiki hii, niletee."

Nilimpa Riziki habari. Nilimsikia akimwambia mama yake, kisha kiti kikiburutwa kuelekea dirishani. Nilipaswa kukata simu, naye pia, lakini hakuna aliyekata. Treni ya Quakers Hill ikapita nyuma ya nyumba yangu, na kwa kitambo sikuweza kujua ngurumo ipi ilikuwa ya reli na ipi ya maji. Walikaa kule hadi maafisa walipowaruhusu. Siku hiyo Riziki alinipigia, akilalamika na kucheka, kwamba mama amevua viatu, yuko majini, na hataki kusikia habari za Cabramatta.

Nilistaafu miaka michache baadaye. Kwenye keki ya kuniaga, kijana mmoja aliniuliza tulikuwa tunauza nini hasa. Nilimkatia kipande cha keki tu. Sasa naona kwamba watu walitupigia kutoka mahali walipozuiliwa, na sehemu kubwa ya kazi ilikuwa kukaa nao pale hadi tuone vizuri ni mahali gani. Kifungu kilikuja baadaye, na mara nyingi kilikuja chenyewe.

Kiangazi kilichopita mimi na mume wangu tulikwenda pwani, mara yetu ya kwanza kulala kule. Mvua ilianza tukishusha mizigo, haikukoma. Jioni ya pili aliniuliza kama turudi nyumbani. Nilikuwa nasikiliza mvua na mawimbi. Nikamwambia asogeze kiti karibu na dirisha.