Mahindi ya Mwezi Mpevu

Pilipili ikiungua jikoni kwa jirani, watu wa ploti yetu hukohoa na kufungua madirisha. Mimi harufu hiyo hunirudisha Ndara, karibu na Voi, kwenye shamba letu lililopakana na mbuga, ambako mama alichoma pilipili iliyochanganywa na mavi makavu ya ndovu ili ndovu wenyewe wasikaribie. Sisi tulikohoa sana; ndovu sijui.

Mama alitoka Magharibi akimfuata baba, mkata mkonge. Baba alipofariki tulibaki wawili na shamba la kukodi, na mama akashikilia elimu aliyokuja nayo kutoka kwao, yaani mwezi. Mbegu zilipandwa mwezi ukiandama. Miti ya kujengea ilikatwa mwezi ukififia, isije ikatobolewa na wadudu. Hata kuku aliwekewa mayai ya kuatamia kwa kufuata mwezi, na nadhani kuku mwenyewe hakuulizwa.

Mwaka mmoja mvua ilitukumbuka. Mahindi yalikauka vizuri shambani, na hayo ndiyo yangetulisha hadi mvua nyingine. Hatukuwa na kingine. Mwezi ulikuwa mpevu. Jirani yetu Mtaita, Mama Wakesho, akaja na kikapu kutusaidia.

"Mama Nekesa, tuvune leo," alisema.

"Ya mwezi mpevu hayakai," mama akajibu. "Wacha upungue kwanza. Kwetu tunavuna hivyo, na fukusi hawagusi."

"Huko kwenu hakuna ndovu. Hapa mwezi ukipungua unachelewa kutoka, na wao wanashuka na hilo giza. Fukusi anakula gunia, dada. Ndovu anakula shamba."

Mama alicheka kidogo. Mwacha mila ni mtumwa, alisema, na Mama Wakesho akaenda zake na kikapu kitupu.

Mwezi ulipoanza kuchelewa, ndovu walikuja. Asubuhi hapakuwa na shamba. Nilikaa ndani ya unyayo mmoja, nikaenea, nikacheka nikimwita mama aje aone. Alikuwa amepiga magoti akiokota punje kwenye vumbi. Hakuinua kichwa.

Baada ya siku chache alinipandisha basi pamoja na mjomba, niende kwa nyanya huko Magharibi. Nilidhani ni likizo, hata nikawaringia watoto wa Mama Wakesho. Mama alisimama chini ya dirisha la basi akaniambia, "Uwe unatazama mwezi. Ukiandama, nitakuja kukuchukua."

Uliandama. Nilimngoja uani nikiwa nimevaa viatu. Ukaandama tena, na tena, hadi nikaacha kuvaa viatu, kisha nikaacha kutoka nje.

Nilimlaumu miaka mingi kwamba alinidanganya. Sikujua kwamba aliyepoteza chakula chote hana nauli wala mahali pa kumrudisha mtoto, na kwamba baada ya yote yale bado aliuamini mwezi, maana hakuwa na kingine cha kuamini. Alipokuja hatimaye, amekonda, nilimpa mkono kwa adabu, nikamkaribisha kiti, nikaenda jikoni kumwambia nyanya kuna mgeni.

Leo nina binti wa umri niliokuwa nao siku ile. Kila nikimtazama nasikia sauti yangu ikilitamka neno lile, mgeni, na kumwona mama yangu amekaa pale kwenye kiti, anasikia.